Mume Aliyekataa Kusaini

Wapo watu upande wa Butiama waliopokonywa mashamba na mtu ambaye hawajawahi kumwona hata kwa mbali. Mimi nilimwona karibu kila siku ya kazi kwa miaka mingi, kwa sababu benchi la banda langu la kuchapa na kutoa kopi, hapa Musoma mjini, lilikuwa ndiyo ofisi yake. Banda liko hatua chache kutoka baraza moja la ardhi ambalo sitalitaja. Kesi ikifunguliwa pale, mdaiwa lazima apelekewe karatasi ya kumwita siku ya kusikilizwa, na yeye ndiye aliyelipwa kuifikisha. Sisi wa nje tulimwita Mzee wa Samansi, naye alilipenda jina hilo kama wengine wanavyopenda kuitwa mheshimiwa.

Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza. Mtu wa aina yake hujulikana vizuri zaidi kwa viatu.

Vyake vilikuwa vyeusi, vya kamba, na viling'aa mwaka mzima. Anayejua huku kwetu anajua udongo wa mbuga unavyoshika wakati wa masika. Ukitembea mpaka kijijini unarudi umebeba nusu ya shamba la mtu kwenye soli. Mzee wa Samansi alikuwa akiapa kwamba jana yake alikwenda kijiji fulani, akavuka mto uliojaa, akafika nyumbani kwa mdaiwa. Kiapo hicho alinisomea nikichape akiwa amekunja nne, soli imenielekea usoni, safi kama sahani ya mgeni. Nami nilichapa. Naomba mlikumbuke hilo kila ninapomcheka humu.

Kazi yake aliifanya hivi. Kwenye kompyuta yangu alikuwa na faili moja tu la kiapo, ambalo tulibadilisha jina, kijiji na tarehe. Faili lilikuwa na miisho mitatu. Mwisho wa kwanza, mdaiwa alipoona karatasi alikimbilia porini. Wa pili, mdaiwa aliipokea, akaisoma, akakataa kusaini. Wa tatu, mdaiwa hakuwepo, hivyo ikakabidhiwa kwa mume wake, naye akakataa kusaini. Mdaiwa akiwa mwanamume tuliweka mke.

"Leo tuweke ipi, mama?" alikuwa akiniuliza, huku akipuliza chai.

"Mwenye safari ni wewe, mzee."

"Wiki hii tumekimbiza wengi. Mwenyekiti atadhani Butiama nzima ni wanariadha. Weka mume."

"Anaitwa nani huyo mume?"

"Andika mume wa mdaiwa. Inatosha. Nani atamtafuta?"

Na kweli hakuna aliyemtafuta. Siku ya kesi mdaiwa hayupo, kiapo kipo, baraza linasikiliza upande mmoja na upande mmoja unashinda. Mdaiwa anakuja kujua ana kesi siku dalali anapofika na mgambo na kopo la rangi nyekundu. Hapo ndipo watu walikuwa wakija kwangu wamekunja amri mfukoni, wanataka kopi, wengine bado na udongo wa shamba kwenye kucha. Waliketi kwenye benchi lilelile. Mara nyingine Mzee wa Samansi aliwasogelea na kuwapa pole.

Alikuwa na misemo yake. "Muhuri hauna miguu, lakini unafikaga." Huo aliupenda kuliko yote. Mwingine ulikuwa, "Mtu wa kijijini hukubali wito wa harusi tu." Aliisema hiyo mbele ya mawakili vijana, nao wakacheka na kumnunulia soda, na mmoja nilimsikia akiurudia ule wa muhuri kwenye simu kana kwamba ameutunga yeye.

Sasa nieleze habari ya mbwa, maana yeye mwenyewe aliieleza kila alipopata msikilizaji mgeni. Mwanzoni mwa kazi alikuwa akienda kwelikweli. Siku moja alikwenda Mugango kumpelekea wito mvuvi mmoja, na kabla hajapiga hodi mbwa akamdaka kwenye shavu la mguu. Alipandisha suruali kutuonesha kovu pale kwa mama lishe, wakati watu wanakula sato, bila haya. Sehemu iliyobaki ya kisa aliisema harakaharaka. Mke wa mvuvi alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, wakamkalisha, wakampa ugali na furu wa kukaanga, na mvuvi akapokea karatasi yake na kusaini.

"Kwa hiyo alisaini?" nilimuuliza.

"Alisaini, ndiyo. Lakini mbwa yule, mama! Mbwa yule!"

Akaacha kwenda vijijini, ila mshahara hakuuacha. Mbwa mmoja wa Mugango aling'ata mara moja, na kwa ajili ya meno yale wajane wa Butiama wakalala nje. Yule mbwa alikuwa na sababu, alikuwa analinda boma.

Siku za safari zake za uongo alizitumia wapi? Wakati mwingine alijifungia kwake Buhare akamwagilia mchicha. Wakati mwingine alipanda basi la Bunda, likapita njia panda ya kwenda Butiama bila yeye kushuka, akafika Bunda kwa mdai, yaani mtu yuleyule aliyefungua kesi, akakaribishwa mbuzi. Jioni alirudi na tikiti ya basi, ambayo aliipachika kwenye kiapo kama ushahidi wa safari. Nani angekataa? Tikiti ilikuwa ya kweli.

Nikiishia hapo mtaniona nimemchora shetani, na kumchora shetani ni kazi rahisi. Jumapili alikuwa msomaji wa somo kanisani, Buhare hukohuko. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, yenye kujua pa kupumzika, na akisoma hata watoto walinyamaza. Kabla ya kugusa kitabu alinawa mikono. Wakati wa Njia ya Msalaba nilimwona akilia machozi ya kweli pale Pilato anapotoa hukumu. Nilitamani kumgusa bega nimwambie, mzee, hata Pilato alimwona mshtakiwa kwa macho.

Tena siku mama yangu alipoanguka sokoni, aliyembeba kwa pikipiki hadi hospitali ni yeye, na alikaa naye mpaka nilipofika, amemshikia viatu mapajani. Nilimshukuru kwa moyo wote, na nilichukia kumshukuru. Mtu mbaya kabisa angenirahisishia maisha.

Kichekesho chenyewe kilikuwa kwake nyumbani. Tulikuwa tukipakana mtaa, hivyo hili nililiona kwa macho yangu. Kulikuwa na zoezi la kupima barabara ya mtaa, na mtumishi mmoja wa manispaa akaja na notisi ya kumtaka asogeze ukuta. Akakuta geti limefungwa, akaiingiza chini ya geti akaenda zake. Jioni Mzee wa Samansi alitoka barabarani na ile karatasi kaishika kwa ncha za vidole, akaita majirani.

"Notisi hailetwi hivi!" alipiga kelele. "Mtu anakabidhiwa mkononi! Anasoma, anauliza, anasaini! Mimi ni mtaalamu wa mambo haya! Ingeliwa na kuku je?"

Majirani walitikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilirudi ndani kwangu nikacheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake asubuhi alikuja bandani tukachapa viapo viwili, vyote vya mume aliyekataa kusaini.

Kimoja kati ya viapo vya mwisho huo, cha mwaka mwingine, ndicho kilichomwangusha.

Walikuja wanawake wawili. Mmoja alikuwa bibi mzee sana, mrefu, anatembea kwa fimbo, rozari shingoni, na kifua chake kilikuwa kibovu, anakohoa kila baada ya maneno machache. Wa pili alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya mtu anayelima. Yule mama alinipa karatasi na kuomba kopi.

"Na utusomee, dada," alisema. "Wamepaka iksi nyekundu kwenye nyumba. Wanasema tumeshindwa kesi. Kesi gani?"

Nikasoma. Ilikuwa amri ya upande mmoja, ikimtaka yule mama aondoke kwenye shamba lote, pamoja na nyumba, kwa kuwa ni mvamizi. Mdai alikuwa mfanyabiashara wa pamba wa Bunda.

"Inasema uliitwa barazani hukuja," nikamwambia. "Inasema wewe hukuwepo nyumbani, karatasi ikakabidhiwa kwa mume wako, naye akakataa kusaini."

Yule mama akamgeukia bibi. Bibi akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akajishika kwenye meza yangu.

"Mimi nimekataa kusaini?" alisema alipopata pumzi. "Mimi? Huyo mtu wenu alinikuta wapi?"

Sikuelewa. "Bibi, namuuliza huyu mama. Mume wake yuko wapi?"

"Si huyu hapa," alisema yule mama.

Hapo nikaelewa. Kwa wasio wa Mara niseme kidogo. Huku kwetu mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa. Anaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, wanabeba jina la mji ule na kurithi shamba lake. Tunaita nyumba ntobhu. Padri halifurahii jambo hilo, na sheria za mjini zinalitazama kwa jicho la pembeni, lakini kijijini hakuna anayeuliza mara mbili. Mume ni yule aliyetoa ng'ombe.

Yule mfanyabiashara wa Bunda alikuwa mtoto wa shemeji yake bibi. Alitaka shamba lirudi kwa wanaume wa ukoo, na alikuwa mjanja. Hakumshitaki bibi, maana bibi angefungua mdomo. Alimshitaki mke wa bibi kwamba ni kibarua aliyevamia. Na ukweli wa kesi nzima ulikaa kwenye mdomo mmoja tu. Wazee walioshuhudia wale ng'ombe wakitolewa walikuwa wameshazikwa. Aliyebaki wa kusema "huyu ni mke wangu, na shamba hili nimempa" alikuwa bibi mwenyewe, na kifua chake kile.

Nilitoa kopi. Niliwaambia waombe nakala ya kiapo, watafute wakili, waulizie huyo mume aliyekataa. Kitu kimoja sikuwaambia. Sikuwaambia kwamba ile sentensi ya mume niliichapa mimi, kwenye mashine iliyokuwa mbele yao, nikitafuna karanga.

Walimpata wakili binti, mgeni kwenye kazi, mwenye sauti ndogo. Aliomba baraza lifute amri yake. Baraza likajibu kwamba mpeleka wito hana maslahi kwenye kesi, na ameapa, na aliyeapa anaaminika. Wakapanda Mahakama Kuu kuomba mapitio. Hapo misimu miwili ya mvua ikapita. Yule mama aliendelea kupanda mihogo kando ya ile iksi nyekundu asijue itachimbwa na nani, na kila walipokuja mjini bibi alikuwa amepungua. Fimbo ilibaki na urefu uleule, yeye akashuka.

Mwishowe jaji akaagiza mwapaji aitwe aulizwe maswali. Siku hiyo nilifunga banda.

Mzee wa Samansi alipanda kizimbani na suti ya Pasaka. Alinawa mikono kwanza, nilimwona bombani. Aliapa kwa sauti ile ya somo la Jumapili. Wakili binti akamuuliza, kwa upole, kama alifika.

"Nilifika, mheshimiwa."

"Mume wa mdaiwa ni mtu wa namna gani?"

Angesema hakumbuki, huenda angepona. Lakini mwongo aliyezoea kusadikiwa hujisikia msanii. Alitazama dari kidogo.

"Ni mtu mzima. Mrefu. Ana kipara na ndevu kidogo. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Ni mkali yule! Aliniambia mke wangu haendi popote."

"Ukimwona leo utamtambua?"

"Hata kwenye giza."

"Yumo humu ndani?"

Akatazama benchi kwa benchi, taratibu, akimpita kila mwanamke bila kusimama. "Hayumo, mheshimiwa."

"Naomba mume wa mdaiwa asimame," alisema binti.

Bibi akaanza kuinuka. Ilichukua muda. Mke wake alimshika kwapa, fimbo ikagonga sakafu, na watu wa Butiama waliokuwa nyuma wakaanza kucheka kabla hajanyooka, maana wao walishaelewa. Karani akaomba ukimya. Mzee wa Samansi alikuwa amefungua mdomo.

"Mheshimiwa," alisema, "huyu ni mwanamke."

"Ng'ombe nilitoa mimi," bibi akamjibu palepale. "Wewe ulikuwepo? Na kipara changu kiko wapi?"

Akavua kitambaa. Nywele zote zilikuwepo, nyeupe, zimesukwa.

Mahakama ilicheka na jaji mwenyewe aliinamia karatasi zake. Kisha akasema jambo ambalo siku ile niliona ni la utaratibu tu. Alisema maneno ya bibi yasiandikwe kwenye mwenendo, kwa kuwa bibi hajaapa na si muda wa ushahidi wake. Atayasema kesi itakaposikilizwa upya. Kwa hiyo kipara cha uongo kiliandikwa, kwa kuwa aliyekisema aliapa. Ng'ombe wa kweli hawakuandikwa.

Amri ilitenguliwa. Jaji alisema hakuna mtu anayeondolewa kwenye nyumba yake bila kusikilizwa, na kesi irudi barazani ianze mwanzo, na mdaiwa apelekewe wito ipasavyo. Nje wanawake walipiga vigelegele, na bibi alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ulitusomea vizuri." Nilitazama chini.

Mnadhani Mzee wa Samansi alijificha? Kesho yake alikuwa kwenye benchi langu, viatu vinang'aa.

"Yule bibi amenidhalilisha, mama. Sasa mume gani anavaaga kitenge? Si wangeweka hata alama?"

"Mzee, ungefika getini tu, mtoto wa chekechea angekuambia."

"Mambo ya kizamani hayo. Mimi nitayajuaje?"

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba shangazi yake mwenyewe alikuwa ameoa. Alikula kwenye harusi ile. Kwa hiyo hakukosea kwa kutojua, alikosea kwa kusahau kwamba watu anaowaandika wanaishi mahali.

Na mjue baraza lilimpa nani ule wito mpya. Hakukuwa na mpeleka wito mwingine wa upande ule. Walimpa yeye yuleyule, na karipio la mdomo, na bahasha.

Alikaa na bahasha ile wiki, ikawa mwezi. Aliiweka kwenye mfuko wa koti, akaitoa, akairudisha. Lile faili la miisho mitatu halingemsaidia tena, kila mtu alikuwa analitazama. Asubuhi moja alisogeza benchi karibu na meza yangu.

"Mama, pale kwa yule bibi, mtu anapitia wapi?"

Nikasema kwa sauti, benchi zima lisikie, "Si ulishafika? Si ulimkuta anakamua?"

"Njia imebadilika," alisema.

Nilifunga banda nikapanda nyuma ya pikipiki yake. Sikwenda kwa wema. Nilitaka kumwona mbele ya mbwa. Baada ya njia panda mvua ilikuwa imenyesha, tukasukuma pikipiki sehemu tatu, na kila viatu vile vilipozama nilifurahi waziwazi. Tukapita mawe makubwa, tukaona uzio wa minyaa, na juu ya uzio tukaona turubai la bluu.

Watu walikuwa wengi. Masufuria yalikuwa jikoni nje, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Bibi alikuwa amefariki juzi yake. Yule mama alitujia akiwa amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Karibuni," alisema. "Asanteni kwa kuja. Nani amewapa taarifa?"

Mzee wa Samansi alikuwa na bahasha mkononi. Nilimwona akiiangalia, kisha akaiingiza ndani ya koti.

"Tumesikia," alisema. "Pole sana, mama."

Huo ndio uongo wake pekee ninaousamehe. Mbwa alikuwepo, mkubwa, amelala chini ya ghala. Yeye alimwona, akapita karibu yake, akaenda kukaa na wanaume. Katekista alipoomba msomaji, watu wa Buhare waliokuwepo wakamsukuma mbele, naye akanawa mikono akasoma, na hata yule mama alinyamaza kulia ili asikie. Mfanyabiashara wa Bunda alikuwepo, kwenye viti vya mbele, kaja na gari na mchele. Wakati wa chakula nilimsikia akimwambia mzee mmoja, polepole, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Kesi sasa itakuwa nyepesi."

Hapo ndipo nilipoelewa kile alichoturudishia jaji na kile ambacho hakuweza kuturudishia. Wito ule ungepelekwa siku ya kwanza, bibi angeapa, angesema habari ya ng'ombe, na wangeandika. Alikuwa na pumzi wakati ule. Pumzi ile aliila Mzee wa Samansi kwenye benchi langu, kwa chai, na mimi nikamchapia. Msinidhanie kwamba namchukia yeye peke yake.

Matanga yalipoanuliwa alirudi kule bila mimi. Nilijua alipoingia bandani mchana. Viatu havikuonekana rangi. Udongo mweusi ulikuwa umepanda hadi kwenye magoti ya suruali, ukaacha alama sakafuni kwangu mpaka kwenye benchi. Hakukunja nne.

"Andika kiapo," alisema.

"Tuweke ipi?" nilimuuliza, na nilikusudia imchome. "Kukimbia, kukataa, au mume?"

"Andika nimefika. Andika mdaiwa nimemkuta anapalilia mihogo. Amepokea kwa mkono wake, amesoma, ameuliza maswali mawili, amesaini." Akanionesha sahihi, herufi kubwakubwa za mtu aliyejifunzia ukubwani. "Halafu andika, mume wa mdaiwa nimechelewa kumkuta."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Nikachapa hivyohivyo. Akaenda kwa kamishna wa viapo, ghorofa ya pili jengo la jirani, na baada ya muda mfupi akarudi na karatasi ileile. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu. Kamishna alimwambia maneno yale hayana uhusiano na kupeleka wito, yatavuruga jalada.

"Ufute," alisema, hakunitazama.

Kwa miaka yote ile hakuna kamishna aliyewahi kumkata mstari. Wanariadha wa kukimbilia porini, waume wenye vipara, mito iliyojaa, vyote vilipita na kugongwa muhuri. Kesi imepangwa kusikilizwa, na yule mama atakwenda kusema kwamba aliolewa, na mfanyabiashara atamuuliza na nani, na hatakuwepo wa kusimama kwa fimbo. Mihogo bado anapalilia. Sijamwambia mpaka leo kwamba mchapaji ni mimi.

Niliweka kidole kwenye kitufe nikaufuta ule mstari, nikatoa kopi tatu, na Mzee wa Samansi akapanda tena ngazi, akiacha udongo kwenye kila moja, kwenda kuapa.